Orodha ya Hitima Niliyoiambatanisha na Barua

Ijumaa, 10 Februari 2017
Muaither, Doha

Baridi haijaondoka. Tangu alfajiri upepo unatoka jangwani, na vumbi la dirishani nimelifuta mara mbili. Leo ni siku yangu ya mapumziko. Nimefua, nimepiga pasi sare za wiki nzima, nimekata kucha. Kazi zote nilizozipanga zimekwisha na bado sijatulia.

Nitaandika kwa mpangilio, kama kawaida yangu. Nikianza na hasira nitajidanganya. Majina ya humu nimeyabadili, langu pia.

Ijumaa iliyopita tulikuwa Al Mansoura, kwenye nyumba anayopanga Idrisa na wenzake, kusoma hitima ya mama yake. Mama alifariki nyumbani mwezi uliopita na Idrisa hakupata ruhusa ya kwenda kuzika. Sisi watu wa wilaya moja tulioko Doha tuna jumuiya yetu, na mimi ni katibu kwa mwaka wa nne sasa. Kila tunapokutana, iwe harusi, msiba au kikao, napitisha karatasi ya mahudhurio. Kila mtu anaandika jina lake, anapofanya kazi, na saini. Ikiwa ni msiba, ile karatasi naipiga picha na kuwatumia wafiwa nyumbani, wajue kwamba kijana wao hakulia peke yake. Watu wanaipenda sana desturi hii. Kuna mama mmoja aliichapisha akaitia kwenye fremu.

Baada ya dua, sahani zikiwa bado chini, mwenyekiti wetu Mzee Hamad aliomba watu wasitoke. Yeye ni dereva wa familia moja Al Rayyan, mtu wa heshima zake, na ndiye aliyenipokea siku niliyoshuka uwanja wa ndege. Akatoa simu na kutupitishia picha. Ilikuwa picha ya ukuta wa kituo cha afya cha mjini kwetu, kituo cha serikali. Ukutani kuna bango lenye nembo mbili. Moja ni ya halmashauri. Ya pili ni ya shirika linalotetea haki za mashoga na watu waliobadili jinsia. Kumbe kituo kimetia saini makubaliano na shirika hilo, na kila Jumatano mchana waelimishaji rika wake wanawaleta watu wao kupima virusi vya Ukimwi na kuchukua dawa.

"Wagonjwa watibiwe, hapo sina neno," Mzee Hamad alisema. "Lakini serikali ikiweka nembo yake bega kwa bega na ya wanaharakati, inamwambia nini mtoto anayepita pale kwenda shule?"

Wengi walikubali. Mmoja akasema kituo cha umma ni cha wote, kwa hiyo kisifungamane na kundi lolote lenye kampeni, liwe la chama, la dini au la hawa. Niliiona hoja hiyo ina maana, na hata sasa naiona hivyo. Rehema, anayemtunza bibi mmoja mgonjwa huko Al Rayyan, alizungumza akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Alisema mtu akiwa na homa hana muda wa kusoma ukuta. Kijana mmoja akamtania, "Wewe kukanda miguu ya bibi kumeshakufanya daktari?" Rehema akamjibu kwamba akiikanda miguu yake yeye, kijana huyo atataja dhambi zake zote. Watu wakacheka, naye akacheka, na hoja yake ikapotelea kwenye kicheko.

Mikono ikanyooshwa. Ikaamuliwa tuiandikie halmashauri, tuitake ivunje makubaliano na kuliondoa bango.

"Katibu, iwe kali lakini ya adabu," alisema Mzee Hamad. Mwingine akaongeza niandike upesi kabla biriani haijatulaza.

Niliiandika Jumamosi. Ilikuwa barua nzuri, na nakiri niliisoma mara tatu kwa kujivunia. Chini nikaweka: Kiambatanisho, orodha ya wanajumuiya. Ndivyo ninavyofanya siku zote. Tulipoomba mwalimu wa hisabati niliambatanisha mahudhurio, na tulipolalamikia daraja bovu nilifanya vivyo hivyo, kwa sababu ofisi za kwetu barua yenye jina moja haziijali. Karatasi pekee niliyokuwa nayo ya siku ile ilikuwa ile ya hitima. Juu yake palikuwa na kichwa: Hitima ya marehemu mama yake Idrisa. Nikakikata, ili barua ionekane safi.

Nikaituma.

Nimejiuliza kwa nini tunapenda barua kiasi hiki. Nadhani ni kwa sababu hapa hakuna ofisi ambayo mtu kama mimi anaiandikia kuishauri jinsi ya kuendesha mambo yake. Hapa tunapokea ratiba na kuifuata. Tukiandika nyumbani ndipo tunajiona tena watu wenye kauli. Siku ile nilijihisi mkubwa. Sikufikiria barua itafika mikononi mwa nani.

Si kweli. Nilijua itafika kwa nani.

Dada yangu Mwanaidi ni muuguzi katika kituo kile. Tena ndiye msimamizi wa huduma ya Jumatano. Nalijua hilo tangu mwaka jana, alinieleza mwenyewe, na kikaoni sikulitamka. Nilijiambia kwamba nikilisema, mjadala utaacha kuwa wa kituo na utakuwa wa dada yangu. Hiyo ni sababu, na ni ya kweli. Ya pili ni kwamba niliona aibu.

Juzi Jumatano alinipigia simu nikiwa kazini. Mimi ndiye ninayepokea mizigo ya hoteli, na muda ule lori la mboga lilikuwa limefunguliwa nyuma. Dada hapigi saa za kazi. Nikasogea pembeni nikamwamkia shikamoo.

Hakuitikia.

Alisema asubuhi ile mganga mkuu aliwakusanya wafanyakazi wote akasoma barua yetu kwa sauti, kisha akapitisha orodha. Jina langu mimi, mdogo wake, lilikuwa na neno Katibu mbele yake. Bango limeondolewa, na huduma imesimamishwa hadi kamati ikae Jumatatu. Waelimishaji rika wameambiwa wasivuke geti. Yeye ametakiwa kuandika barua ya kujieleza na kufika mbele ya kamati hiyo, na wenzake wameshaanza kumwambia ajiandae kuhamishwa.

Halafu akanieleza kuhusu mtu mmoja. Mchana ule ule alikuja mwanaume ambaye dawa zake ziliishia siku ile. Alifika getini, akaona bango halipo na yule mwelimishaji anayemsindikiza hayupo, akageuka. Dada, akiwa dirishani, alimwona, akatoka mbio. Alipofika nje mtu yule alikuwa ameshavuka barabara.

"Nisingeweza kumwita," alisema. "Nimwite jina lake barabarani, mbele ya watu, leo?"

Nilimwambia barua haikusema watu wasitibiwe. Nilimsomea hata sentensi yenyewe, naikumbuka kwa kichwa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Bakari, mimi kutetea watu sijui. Ninachojua ni kwamba zamani hawa walikuwa wanaletwa kwangu wamebebwa. Tangu wale waelimishaji waanze, wanakuja kwa miguu yao. Sasa nani atawaleta? Wewe?"

Akaniuliza kama nami nilinyoosha mkono. Nikamwambia kwa taratibu zetu katibu hapigi kura. Ni kweli kabisa, katibu hapigi kura, imeandikwa kwenye katiba ya jumuiya na niliyeiandika ni mimi.

Lakini nilinyoosha. Wala hakuna aliyenisukuma.

Jana Alhamisi akapiga Idrisa. Barua imeanza kuzunguka nyumbani kwenye makundi ya simu, pamoja na orodha yake. Baba yake, mfiwa mwenyewe, aliitambua mara moja. Ile picha anayo kwenye simu yake tangu siku ya hitima, niliituma mimi, na anaifungua kila siku. Sasa imemrudia kutoka kwa jirani, ikiwa chini ya barua inayohusu mashoga.

Idrisa hakupandisha sauti. "Kaka Bakari, watu walikuja kumwombea mama yangu. Wewe umewapeleka halmashauri."

Nikaanza kueleza kuhusu viambatanisho. Akanikata.

"Jina la mama ulilikata kwa mkasi au kwa simu?"

Nikasema kwa simu. Akakata.

Jioni kazini nilisaini hati za mizigo kama kawaida. Saini yangu pale ina maana moja: nimefungua boksi, nimeona kilichomo, kimekamilika. Msimamizi wangu anajua nikisaini hana haja ya kuhakiki. Watu waliosaini karatasi yangu Al Mansoura walisema kitu kimoja tu, kwamba walikuwa pamoja na mwenzao siku ya msiba. Wengine walikuwa wameshaondoka kuwahi zamu kabla Mzee Hamad hajatoa simu yake. Rehema aliyepinga jina lake limo vilevile. Sikumuuliza hata mmoja.

Leo baada ya sala ya Ijumaa nilimfuata Mzee Hamad. Tulisimama nje ya bakala, duka dogo la vyakula lililo karibu na msikiti, na vikombe vya chai ya maziwa, tukiupa upepo mgongo. Nilimwambia nataka kuandika barua ya pili. Akasema kikao kiliamua, na siwezi kukifuta kwa sababu kuna watu wamekasirika. Nikamwambia basi kuhusu orodha. Akasema hakujua ndiyo hiyo niliyoitumia, na kwamba kwa hilo nimekosa na nirekebishe.

"Ila orodha ni kosa, barua si kosa," alisema. "Usizichanganye, Katibu."

Ndipo nikamwambia kuhusu dada.

Akaiweka chai juu ya kreti la maji. Alinitazama kwa muda, na uso wake ulinipa tabu kuliko kama angenifokea.

"Ungeniambia siku ile, msimamo wangu usingebadilika," alisema. "Lakini wewe nisingekupa kalamu."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema kwa sababu yananihukumu sawasawa. Mzee Hamad anaamini anachokiamini na alikisema mbele ya watu. Rehema anaamini kinyume chake, naye alikisema, tena akachekwa. Mimi ndiye niliyekaa katikati na karatasi, nikijifanya sina upande.

Nilirudi chumbani nikamtumia dada ujumbe. Nilimwambia nitaiandikia halmashauri kwamba orodha ile ni ya waliohudhuria hitima na si ya watu walioiunga mkono barua, na pia nitataja kwamba mwandishi wa barua ni ndugu yake wa tumbo moja na hakulisema. Nilidhani atafurahi. Nilidhani nimepata namna ya kuwa mkweli kwa mkupuo mmoja.

Alipiga papo hapo.

"La orodha andika. La undugu usiandike. Watasema nimekutuma."

Kwa hiyo ukweli wangu nao unaweza kumfukuzisha kazi. Niliuchelewesha mpaka ukawa na madhara. Nikaanza kumwomba msamaha, akanizuia.

"Usiniombe leo. Kwanza ujue unaomba kwa lipi, kwa karatasi au kwa mkono wako." Akasema ana barua ya kujieleza ya kuandika, akaaga. Sikuwa nimemwambia kwamba nilinyoosha. Dada yangu hajawahi kuhitaji kuambiwa.

Barua ya pili nimeituma saa kumi. Ni fupi. Inasema majina yale yasihesabiwe, wenye majina hawakuulizwa, na kosa ni langu peke yangu. Nimeiambatanisha na picha kamili ya karatasi, ikiwa na kichwa chake juu. Kuhusu dada sikuandika neno. Nakala nimempa Idrisa, kwa ajili ya baba yake. Ameisoma. Hajajibu, na sina haki ya kumharakisha. Nafasi ya ukatibu nimemwandikia Mzee Hamad kwamba naiachia.

Hapo nilitegemea nafuu. Haikuja.

Kwa karatasi naomba msamaha bila kusita. Kwa mkono sijui. Bado nembo ile ukutani siipendi, na nikiandika humu kwamba nimebadilika nitakuwa naongeza uongo juu ya uongo. Bado naona hoja ya Mzee Hamad ni hoja. Ila kikaoni tulizungumza kuhusu ukuta kwa saa nzima, na hakuna aliyeuliza wanaopita mlangoni wanafikaje pale. Mimi ningeweza kujibu. Nilikuwa na dada wa kumpigia simu, palepale, sahani zikiwa chini. Sikumpigia.

Jumatatu kamati itamuuliza Mwanaidi maswali. Mimi hakuna atakayeniuliza, nitakuwa nafungua maboksi ya nyanya. Basi najiuliza mwenyewe, kwa maandishi. Kama mikono ingenyooshwa upya leo, wangu ungekuwa wapi?

Nimeandika majibu mawili na kuyafuta yote mawili. Yule mtu aliyegeuka getini, leo ni siku ya pili hana dawa.