Uyoga wa Kichuguu Kilichomwagiwa Dawa

Weldon, Jumatatu uliona mchwa wakimwagiwa dawa ya stoo, kwa amri ya meneja, kwenye kile kichuguu cha msituni, ukageuza uso. Usinibishie! Kebaso, anayekuletea karatasi hii, alikuona.

Leo Gesare amechuma uyoga hapo hapo. Akanionyesha shina refu lililotoka ndani ya kichuguu. "Ni ule wetu wa Kisii. Kula, acha uoga!" Na ni ule kweli. Ni ule kabisa, sumu ni ya hiyo dawa!

Alitangulia kula, na sasa anatapika, mate yanamtoka kama povu. Daktari anapiga kelele: "Dawa gani? Nipeni jina!" Jina tu, Weldon, na hakuna anayejua.

Mwaka wa tisini na mbili ulimwogopa meneja hivi hivi, ukaficha jina la dawa, tukamzika Mochama.

Ufunguo wa stoo unao wewe. Toa huo mkebe wa dawa, ukimbie nao zahanati sasa hivi.