Samaki Aliyemaliza Konokono

Jumatano. Mawingu yametanda juu ya ziwa tangu alfajiri na mvua haitaki kunyesha. Hewa nzito. Naandika kwenye simu, nikiwa kwenye benchi la wodi, na kila nikimaliza mistari miwili mitatu nanyanyuka kwenda kutazama kama kifua cha mama mkwe wangu bado kinapanda na kushuka.

Kinapanda.

Yote haya yalianza na konokono.

Sebuleni kwetu Ujiji tuna tangi la kioo. Mume wangu, Elias, alilipanga kwa mawe ya ziwani, akatia samaki wadogo wa kwenye miamba, wale wa manjano na wa mistari. Kisha akapata kazi Tabora, akaniachia mimi. Mwezi uliopita nilichuma majani ya majini ufukweni nikayapandikiza humo, lipendeze. Sikuyasuuza vizuri. Haukupita muda kioo kikaota madoa ya utelezi, kama ute wa yai, na yale madoa yakawa konokono.

Nimehangaika nao jamani. Niliwaokota kwa mkono. Nililaza jani la mchicha chini ya maji jioni, asubuhi nikalitoa wamelijaa kama shanga. Nikachemsha mawe yote. Wakarudi, wengi kuliko mwanzo, wanatambaa juu ya mayai ya samaki, na maji yakaanza kunuka. Dawa niliogopa, isije ikaua na samaki.

Ndipo Mzee Hamisi, mvuvi ninayenunua dagaa kwake pale Katonga, akanipa bunju kwenye ndoo. Samaki mnene, kichwa kikubwa, macho yanazunguka kila moja upande wake.

"Huyu atawatafuna kama karanga," akaniambia. "Ila mwanangu, jikoni asiingie. Ana sumu. Sisi akinasa wavuni tunamtupa."

Aliwatafuna kweli. Nilikuwa nausikia mlio wa magamba yakivunjika mpaka jikoni. Tangi likang'aa. Lakini konokono walipokwisha, akahamia kwenye kona na kuanza kuwatazama wenzake. Siku moja samaki wa manjano akatokea hana mkia. Nikapanga kumrudisha Katonga Jumamosi.

Nikipita karibu na kioo, macho yake yalinifuata. Nilianza kupitia mlango wa nyuma.

Katikati ya hayo akaja mama mkwe kutoka Kasulu, kunisaidia kwa sababu ya mimba hii. Ni mkulima wa maharage, mtu wa kazi, hawezi kukaa bila kushika kitu. Siku aliyofika alisimama mbele ya tangi, mikono kiunoni. Nikamwambia, "Hawa hawaliwi mama, ni wa kuangalia tu." Alicheka mpaka akafuta machozi. Samaki wa kuangalia! Kwao samaki mbichi ni wa bahati.

Baadaye nikamwonyesha bunju. "Na huyu haliwi, mama."

Hilo ndilo neno nililolitumia. Haliwi. Neno lilelile nililolitumia kwa wale wengine, akalicheka. Sumu sikuitaja. Niliona haya kumwambia kwamba nafuga sumu sebuleni na mjukuu wake yuko tumboni.

Jana nilirudi kutoka kazini mchana, nimechoka, miguu imevimba. Mlangoni nikapokewa na harufu ya mawese na samaki. Nikafurahi. Ukweli ni huo, nilifurahi, nilikuwa na njaa. Mezani kulikuwa na sahani imefunikwa, ugali wa muhogo pembeni.

Kisha nikageukia tangi.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka, anajisugua midomo kwa kiganja. Akasema, "Lile lizembe la kwenye kona nimekupikia. Lilivimba mikononi mwangu nikajua lina mafuta. Minofu yote nimekuwekea wewe. Mimi nimeonja mchuzi na ini tu."

"Mama, umeonja saa ngapi?"

"Sasa hivi tu. Pilipili yenu ya huku kali, midomo siisikii."

Hakuna pilipili ndani ya nyumba yangu. Tangu nishike mimba siiwezi.

Nilipiga kelele. Jirani yangu Mama Zawadi akaja mbio na bajaji ya mumewe. Vilivyomo kwenye sufuria na sahani tulivimwaga chooni, kisha tukambeba. Njiani alikuwa anazungumza, anatutuliza sisi. Tulipofika hospitali ulimi ulikuwa mzito kama wa mlevi. Mikono ikalegea. Mwishowe akanyamaza, macho wazi, ananitazama bila kupepesa, na mimi sikujua kama yumo ndani au hayumo.

Daktari alisema sumu hii haina dawa ya kuiondoa. Watamsaidia kupumua mpaka mwili wenyewe uitoe, kama utaweza. Akaniuliza, "Kwani hakujua kwamba samaki huyo haliwi?"

Nikaomba ruhusa nikatoka kupiga simu.

Elias nimempigia. Yuko njiani. Nimemwambia mama ameugua tumbo. Hata hapo nimechagua neno dogo.

Asubuhi hii vidole vya mama vilisogea. Muuguzi akaniita, tukamwinamia. Midomo ilihangaika muda mrefu kabla sauti haijatoka, na ilipotoka ilikuwa nyembamba, si yake.

"Mwana wanje, mwanangu. Wewe ulikula?"

"Sikula, mama. Sikugusa."

Machozi yakamtiririka kuelekea sikioni. Nikaelewa usiku kucha alikuwa wapi. Alikuwa ndani ya mwili usiosogea, anasikia kila kitu, anadhani ameniua mimi na mtoto.

Nikamwambia nilipaswa kumtajia sumu. Hakuonekana kunisikia.

Daktari anasema kupumua kumeanza kurudi, lakini miguu bado, na tusishangilie mapema. Akili yake inakuja na kupotea. Akizinduka anauliza swali lilelile, kama hajawahi kuliuliza, kwa hofu ileile. Namjibu. Anatulia. Anasinzia. Kisha anashtuka.

Ameniuliza tena sasa hivi. Naweka simu chini nikamjibu.