Bi Zena Amesema Nimeachwa

Mbwajumali, Pate

Baba Mutheu,

Nakusalimu, kwa sababu mama yangu alinilea nikijua kwamba hata mtu aliyekuudhi husalimiwa kwanza, mengine yafuate. Mgongo unaendeleaje, bado unakuuma ukiinama kuchomelea mageti? Mutheu amepona kile kikohozi? Na mama yako, miguu yake inampa nafasi ya kwenda kanisani? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo imechafuka, na aliyeichafua ni wewe.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimeandika kwa sababu barua haina spika. Wewe ukiongea na mimi mafundi wenzako wote pale karakana wanasikia, na mimi huku sebule nzima ya Bi Zena inasikia, na ndivyo tulivyofika hapa tulipo. Kwa hiyo keti mahali peke yako, usome mpaka mwisho, halafu ndipo ucheke kama bado utakuwa na hamu ya kucheka.

Habari za huku ni zile zile. Maji ya kisima yana chumvi, chai haikubali sukari. Watoto wa darasa la sita wamenizoea na mimi nimewazoea, ila mazungumzo yao wakiwa wenyewe bado yananipita. Nina hamu ya muthokoi mpaka juzi nimeota nakoroga sufuria ya mahindi na maharagwe ya mama yako, nikaamka na njaa. Hayo yote nayavumilia. Nilikuja kufundisha, na mshahara unatusaidia sote.

Sasa tuje kwenye vitabu vyako.

Unakumbuka ulivyoninunulia kile cha kwanza cha *Mawakili wa Nyumba Moja*, ukasema nisome kimoja na wewe usome chako, tuwe tunajadiliana kwa simu ili umbali usituzoeze ukimya. Nilikupenda sana siku ile. Nikakisoma, nikampenda Wakili Tabitha, wewe ukampenda mumewe, Wakili Daudi, na tukabishana kila Jumapili kama watu wanaokaa pamoja. Ndipo Bi Zena, mama mwenye nyumba wangu, akauliza ni nini hicho ninachokipigia kelele ukutani peke yangu. Nikamsomea ukurasa mmoja. Kesho yake akaja na ukili wake wa kusuka na jirani zake watatu, na binti yake Amina nyuma yao, na tangu hapo kila alasiri baada ya swala mimi husoma, wao husuka mikeka, na hakuna sura inayopita bila kuhukumiwa.

Ungewasikia. Hakimu wa kitabu cha kwanza walimwona mzembe, wakasema kadhi wa Lamu angeimaliza kesi ile kabla ya adhuhuri. Katika cha pili waliudhika kwamba Tabitha anashinda kesi mchana kutwa na jioni bado ndiye anayepika, na Daudi amekaa anasoma gazeti. Amina alisema, "Huyo jamaa ni wakili ama ni mgeni?" Nilicheka mpaka kitabu kikanianguka.

Taabu ilianza kitabu cha tatu. Wewe unakijua, ulikisoma kabla yangu na ukanisumbua nifike ile sura ya ukumbi wa mahakama. Yule mnyang'anyi wa mashamba amesimama pale na watu wake, na Daudi anamgeukia mkewe mbele ya kila mtu na kusema, "Kuanzia leo nimekuacha." Tabitha analia. Mnyang'anyi anaamini, anamfuata Tabitha awe wakili wake, anamwambia siri zake zote, na kesi inageuka. Na Daudi hakumwambia Tabitha mapema kwamba ni mchezo, kwa sababu alitaka machozi ya kweli. Wewe ulisema ni mpango mkali kuliko yote uliyowahi kusoma. Mimi nilisema Daudi hana adabu. Tukaachia hapo.

Huku hawakuachia hapo. Nilipofungua kitabu cha nne, ukurasa wa kwanza tu, Tabitha na Daudi wako nyumbani kwao wanakunywa chai na wanaenda kulala. Bi Zena akaweka ukili chini.

"Mwalimu, funga kitabu. Sitaki kusikiliza watu wazini."

"Bi Zena, hao ni mke na mume," nikamwambia.

"Walikuwa. Amemwata mbele za watu, hakumrejea. Sasa mbona walala nyumba moya?"

Amina akajaribu kuwatetea. "Mama, hiyo ilikuwa mpango tu, ya kushika mwizi."

"Mwizi ashikwe kwa ndia nyingine. Neno lile halitezewi."

Wote wakakubaliana naye. Kwao mume akilitamka limetoka, awe amekasirika au anafanya mzaha, na kilichobaki ni amrejee mkewe kabla eda haijaisha, yaani ule muda anaokaa mwanamke aliyeachwa kabla ya kuwa huru kuolewa na mwingine. Kumrejea si kazi. Anakuja mbele ya mashahidi, anasema, "Nimekurejea," basi, wanakwenda kunywa chai yao. Bi Zena alisema mwandishi alikuwa na karatasi tele na bado akamnyima mwanamke yule sentensi moja. Mimi niliona wanakaza kamba bure. Ndipo simu ikalia, na aliyepiga ni wewe, na kwa ujinga wangu nikafurahi, nikaweka spika ili utusaidie Amina na mimi.

Nakukumbusha ulichosema, kwa sababu nadhani umeshasahau. Bi Zena alikueleza kwa heshima, akakuita Bwana, akakwambia Wakili Daudi amemwacha mkewe na kitabu hakiwezi kuendelea hivyo. Nawe ukacheka. Ukasema, "Basi kama ni rahisi hivyo, hata mimi Mwende nimemwacha leo, aolewe huko huko Pate na mvuvi, ale samaki." Mafundi wenzako wakacheka. Nikasikia mtu amepiga chuma kwa nyundo kwa kuchekeshwa.

Baba Mutheu, kwenye sebule ile hakuna aliyecheka. Mikono yote ilisimama. Jirani mmoja akasema, "Astaghfirullah," pole pole, akaniangalia mimi wala si simu. Wewe ulikuwa umeshahamia kwenye bei ya vyuma.

Ulipokata, Bi Zena akanishika mkono. "Mwalimu, mumeo amekuata."

Nikamweleza kwamba sisi ni Wakristo, tumefunga ndoa kanisani mbele ya mchungaji, na kwetu mtu haachi mke kwa simu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ndoa ni ndoa, na kinywa ni kinywa. Akaenda kumuuliza kaka yake, ambaye ni maalim wa madrasa, na maalim akajibu kwamba mambo ya Wakristo si yake, waulizwe wenyewe. Mchungaji wa kumuuliza hapa Mbwajumali hayupo. Bi Zena akaona hajakataliwa, na tangu siku hiyo mimi nimo edani.

Usidhani natia chumvi. Bi Zena hunisindikiza mpaka lango la shule na jioni hunifuata. Nilitaka kwenda bandarini Mtangawanda kupokea mzigo wa vitabu vya shule, na yule kijana wa bodaboda niliyemfundisha mdogo wake akakataa kunibeba mpaka nipate mwanamke wa kwenda naye. Mwalimu mkuu, ambaye ni mtu wa bara kama mimi, wa Meru, na angepaswa kunitetea, anasema nisiwaudhi wazazi. Nimebishana hadi sauti imekauka. Wananijibu kwa upole na kuniletea mahamri. Ningejua namna ya kugombana na watu wakali, lakini hawa wananihurumia, na hakuna kinachochosha kama kuhurumiwa asubuhi na jioni kwa jambo unalosema halipo.

Halafu kuna samaki. Kwa desturi yao mwanamke aliye edani haposwi, hata kwa fumbo, na watu wa hapa wanaiheshimu desturi hiyo. Lakini Bwana Shee, mjane anayenunua samaki wa wavuvi na kuwapeleka Lamu, amekumbuka ghafla kwamba nyumba ya Bi Zena ina walaji. Wiki ya kwanza alikuja samaki changu, ya pili tewa. Ujumbe hakuna, salamu hakuna, samaki tu. Bi Zena huniwekea kipande kikubwa na kuangalia pembeni. Wewe uliniombea mvuvi, Mungu ameniletea mnunuzi wa samaki, mwenye boti yake. Na ndiyo, nimewala. Nilikuwa na njaa na walikuwa watamu.

Lakini si samaki wanaoninyima raha. Nikuambie kinachoninyima raha. Mwanzoni nilikuwa nawakasirikia hawa wanawake. Kisha usiku mmoja nikajiuliza kwa nini nawakasirikia wao. Watu ambao miaka miwili iliyopita hawakunijua waliposikia nimeachwa walinyamaza kwa ajili yangu. Wewe uliyeniacha ulicheka. Nimeumia, Musyoka. Najua ni mzaha, sihitaji uniambie tena. Umenipigia simu mara nyingi tangu siku ile, na kila mara nimekupa nafasi. Nilikwambia wanasema umeniacha, ukajibu wananitania. Nilikwambia Bi Zena ana huzuni, ukaniuliza kama kitabu cha nne nimekimaliza. Ulikuwa na muda wa kunieleza mbuzi wa jirani alivyokula shati lako. Neno moja la kunirudisha hukuwa na muda nalo.

Na si simu tu. Miaka miwili nimekuwa nikivuka bahari na kupanda basi kuja kwenu kila shule ikifungwa, na kila mara unasema likizo ijayo utakuja wewe. Bahari inakuogopesha, geti la mtu halijaisha, mvua. Hawa wanawake hawajawahi kukuona uso. Wanakujua kwa sauti tu, na jambo la mwisho sauti hiyo iliwaambia ni kwamba umeniacha. Unataka wafikirie nini?

Kwa hiyo likizo hii siji. Nimemwambia mwalimu mkuu nabaki. Bi Zena ameshapiga hesabu yake, anasema shule itafungwa eda ikiwa haijaisha, na anayetaka chake ana nafasi. Alivyosema hasa ni, "Mwambie aye mwenyewe. Simu ndiyo iliyokuharibia." Panda basi mpaka Mokowe, uliza boti ya Mtangawanda, funga macho kama lazima. Kaka yake maalim amekubali kukaa na mzee mwingine mmoja, wasikie tu, bila kuingia kwenye dini ya mtu. Ulisema mbele ya mafundi wako. Utasema mbele ya sebule yangu, kwa kinywa chako, ukiniangalia. Kama huwezi kuja, nitajua, na sitakuuliza tena kuhusu Wakili Daudi wala kuhusu jambo lingine.

Msalimie mama yako, na umwambie dawa ya miguu ile ya kuchua nimeipata. Msalimie dada yako anayemlea Mutheu pamoja na wake, Mungu amlipe. Kaka yangu mwenye duka la mbegu mwambie nampa pole ya mvua kuchelewa. Mafundi wako wanne wasalimie pia, wao hawakukosa, walichekeshwa. Mutheu mbusu na umwambie mama yake anampenda, na hayo mengine yote usimwambie.

Ni mimi mkeo, kadiri ninavyojua,
Mwende

Nilikuwa nimeshaifunga barua hii Bi Zena akaingia na sinia. Leo ni kolekole mzima, amesafishwa, amepakwa bizari na ndimu. Nimemwangalia muda mrefu. Kisha nimemwomba amrudishie Bwana Shee na amwambie mwalimu anashukuru, lakini asilete tena mpaka shule ifungwe. Nilimwona Bi Zena akitabasamu mlangoni. Nimekula ugali kwa chumvi. Sasa zamu ni yako.