Kidonge katika Sikio la Mtamba wa Mahari

Na wale mitamba wa mahari yako uliowataja kwenye simu, Kevin mjukuu wangu, usiwatie vidonge vya homoni. Nimeruka salamu! Hatujambo hapa Rissne, Uswidi, na babu yako mpya ananichekesha hadi majirani Waswidi wanatuchungulia. Nina raha kama msichana.

Umeuliza kama vinaharibu uzazi. Kaka yangu, kibarua wa ranchi, alimtia mtamba wake kidonge chini ya ngozi ya sikio ili anenepe. Wakwe walimpokea kwa vigelegele. Lakini kila baada ya wiki tatu mtamba huyo alirudi kutafuta dume. Mara ya nne baba mkwe akatuita, akapapasa sikio, akakuta kinundu.

"Kijana, hiki nini?"

Bibi harusi mtarajiwa aliubana mkono wangu mpaka ukauma.

"Cha kunenepesha, baba," kaka akasema.

"Nilingoja maziwa ya wajukuu, umeniletea nyama?"

Kaka akaleta mwingine, mbavu zikihesabika. Huyo alipozaa, ndipo harusi ikafanyika.

Wapo mitamba wanaoshika mimba hata wakitiwa kidonge, ila hutajua ni yupi. Wapeleke wembamba hivyo hivyo. Tutakuja wawili kuwaona, kabla mwezi huu haujaisha.

Bibi yako