Mwenye Nyumba Haambiwi

Mwanza, Jumatano

Mdogo wangu Evelina,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hujafungua bahasha. Mgongo unaendeleaje hapo Nansio? Mihogo mmeshaanika? Mimi miguu imekataa kabisa, na daktari ameacha kunipangia siku ya kurudi.

Aluoch, mjane wa mwanangu Pius, ndiye anayenipikia uji na kunifulia mashuka. Tangu tulipomzika mumewe nimekuwa nikimwambia kwa Kiingereza, kwa upole: feel at home. Akisogeza kiti sebuleni, namwambia hivyo, naye anakirudisha. Alipolima tuta la mchicha karibu na mlango nilimwambia tena, akaliacha bila mbegu. Wageni hunisifu kwamba ni baba mkwe muungwana.

Wiki iliyopita binti yake, Favour, alirudi na kazi ya shule, atunge sentensi kwa maneno hayohayo. Nikamweleza kama nilivyozoea darasani, kwamba mwenyeji humwambia hivyo mgeni ili ajisikie yuko kwake. Aliye kwake haambiwi, kama ambavyo hakuna anayekukaribisha wewe jikoni kwako. Mtoto akafikiri, kisha akauliza, “Sasa babu, mbona mama unamwambia kila siku?”

Aluoch alikuwa ananiosha miguu kwenye beseni. Hakuinua uso. Alisugua kisigino mpaka kikatakata, akakikausha, akamwambia binti yake aandike kama babu alivyosema.

Evelina, unakikumbuka kikao cha ukoo baada ya mazishi. Nilisema nyumba hii ni yangu, na kwamba Pius alikaa kwa hisani yangu. Wewe ukasimama ukamwambia Aluoch ashukuru kwa kuachwa abaki. Nilidanganya. Kiwanja walinunua wao wawili, wakajenga wao, yeye akiuza samaki mwaloni, soko la pale ziwani, tangu alfajiri. Mimi nilikuja na sanduku moja baada ya kustaafu. Siku ile aliniangalia tu. Mkwe habishani na baba mkwe mbele ya ukoo, na hilo nililitegemea.

Nikifa, Mashimba, mtoto wa marehemu kaka yetu, atadai nyumba ni ya ukoo. Simama tena, uwasomee haya. Ningeweza kuwaita wote Jumapili hii nikasema mwenyewe. Sauti bado ninayo. Siwaiti. Nimezoea kuombwa ruhusa, na nataka kufa nikiwa mwenye nyumba.

Wasalimie watoto na wote wanaoniulizia. Aluoch ameniuliza namwandikia nani, nikamwambia. Anasema shikamoo shangazi, na ukija msibani usihangaike kutafuta pa kulala. Chumba cha mbele ameshakifagia.

Ni mimi kaka yako,
Yakobo