Masanja Hatakuja Zagayu, Ameshiba Uyoga

Usa River, Arusha

Kwa Mayu wangu wa Nkoma,

Mwadila mayu. Mgongo unaendeleaje, na palizi ya pamba mmefika wapi? Sisi huku wazima, hata mjukuu wako Masanja, na habari ya leo ni yeye.

Mama mkwe alikuja huku kumchukua Masanja ampeleke kwake Zagayu akanywe maziwa, maana alisikia mtoto amekonda. Mayu, ni kweli, nilipomwachisha ziwa alikonda mpaka nikalia. Ila nesi wa kliniki aliposikia baba Masanja anafanya kazi kwenye shamba la uyoga, akanicheka: "Unalala juu ya chakula halafu unalia njaa?" Shamba lenyewe ni la mtu binafsi, si unajua siku hizi watu binafsi wameruhusiwa kuwa na mashamba ya biashara, anauzia mahoteli ya watalii. Uyoga wake ni wa kahawia, mmoja unajaa sahani, wenyewe wanauita potabela. Ukipasuka hoteli hawautaki, wanapewa wafanyakazi. Nesi akasema unajenga mwili, una vitamini na madini, mafuta karibu hauna, ila kwa mtoto peke yake hautoshi: niukatekate uive na maharage na karanga za kutwanga. Nikafanya hivyo, na mstari wa kwenye kadi yake ukaanza kupanda. (Lakini msiende kuchuma wowote porini mkasema Minza kaandika!)

Sasa mama mkwe kadi haijui. Siku ya pili ya kufika kwake alifunua sufuria, akarudi nyuma. "Mkamwana, huu umeota kwenye kichuguu gani?" Nikamwambia hauoti kwenye kichuguu, unapandwa ndani ya nyumba, gizani, kwenye samadi. Hapo ndipo nikaharibu kabisa. Akasema sheria ni ile ile ya nyumbani: uyoga mgeni anakula kwanza aliyeupika, wengine wanasubiri mpaka ng'ombe warudi kutoka malishoni. Akiwa bado mzima, ndipo wanakula.

"Mama, mimi nimeula mwezi mzima."

"Huo mwezi mimi sikuuona."

Nikala mbele yake. Baba Masanja akakumbuka ana kazi shambani, na ilikuwa Jumapili. Tukakaa. Kila nikikohoa ananishika paji la uso. Jua likasogea, ng'ombe hawaonekani. Mwisho akatoka nje, na mimi nyuma yake, akamwita jirani yetu mama Elia, mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa bandani.

"Mwanangu, ng'ombe wako anarudi saa ngapi?"

"Bibi, huyu hajawahi kutoka. Nyasi namletea humu humu."

Mama mkwe akashika kiuno. "Sasa mkamwana wangu tutajua lini kama amekufa?"

Tuliporudi ndani tukamkuta Masanja amekumbatia sufuria, mchuzi mpaka masikioni. Mama mkwe akapiga yowe, akampakata, akamtazama macho, akamtazama ulimi. Mtoto akacheua, akasema, "Nyama." Basi akamnyanyua mara mbili tatu, kama anavyonyanyua mwanambuzi mnadani. Kisha akavuta sufuria. "Kama ni kufa, mjukuu wangu haendi peke yake." Mayu, alikufa mpaka akakwangua chini!

Jioni ile akatamka mwenyewe: Masanja ameshiba, abaki na mama yake. Nilitoka nje kujifuta machozi, na mkono ulikuwa na kitunguu, nikalia mara mbili.

Ila yeye naye amebaki. Hii wiki ya tatu, kila asubuhi anamuuliza mwanawe, "Leo hakuna uliopasuka?" Kwa hiyo nakuomba Mayu, ufike Zagayu kwa baba mkwe, umwambie kwa upole: mtoto haji, na mkewe asimpangie siku ya kurudi.

Nisalimie baba, na dada Kabula anayenyonyesha, na shangazi Holo aliyenifundisha kupika. Waambie naona mbele kuna heri.

Ni mimi mwanao, na wangu bado niko naye mgongoni,

Minza