Barua ya Kijiji kwa Wasasi

Jumapili, 4 Mei
Leo nimefasiri vyeti viwili vya kuzaliwa, talaka moja, mkataba wa nyumba. Macho yananiwasha. Kiyoyozi cha ofisi kinatoa upepo wa moto. Fundi kasema kesho, kama alivyosema wiki iliyopita. Mtaa mzima wa Darsait, hapa Maskati, unachemka.

Saa saba mchana akaja mdogo wangu Nassor na bahasha. Barua ya Kiswahili, kurasa nne, anataka iwe ya Kiarabu. Yeye na wenzake wawili wanataka kuwinda bara, Tanzania, misimu mitano mfululizo. Kampuni yenye kibali cha pori lile imewataka kwanza wasikilizane na kijiji. Kijiji kimejibu. Wenzake hawajui Kiswahili. Yeye anakisema, ila kukisoma kunamchosha. "Harakaharaka, dada." Hakunywa hata kahawa.

Jumatatu, 5 Mei
Barua nzuri. Kazi ya Kiswahili nnaipata mara moja kwa mwaka, nimeifurahia. Kaiandika katibu wa kijiji, mwanamke, jina lake Veronika. Chini kuna saini na alama za dole gumba, safu mbili. Hawakatai wageni. Wanaomba nyama igawiwe kijijini. Wanaomba wasasi wasipige karibu na bwawa, maana kiangazi ng'ombe wanakunywa hapo, na kina mama wanateka maji hapo hapo.

Halafu aya ya nne. Nimeisoma mara tatu. Mwenzao mmoja yuko jela kwa swala aliyemuua apate kitoweo, katika pori lile lile ambalo mgeni anapiga nyati kwa kibali. Kisha wameandika: "Tumesikia kwenu kuwinda kumekatazwa ili wanyama wenu wasiishe. Tunaomba mtueleze kwa nini wa kwetu waishe."

Hakuna tusi ndani yake. Swali tu.

Jumanne, 6 Mei
Nassor kala kwetu Al Khoudh. Nikamwambia habari ya aya ya nne. Uso ukambadilika. Anataka niitoe. Abu Majid, mkubwa wao, ataona katukanwa na mambo yote yatavunjika. Nikamwambia tafsiri haifanywi hivyo. Akasema mie ni dada yake kabla sijawa mfasiri.

Mama akamuunga mkono. "Mwache mwanangu akawinde. Kule si ugenini, ni kwao." Mama kazaliwa Unguja, akatoka msichana. Nassor kazaliwa hapa Maskati, kama mie. Kule tunaingia kwa viza. Nimewakasirikia wote wawili.

Jumatano, 7 Mei
Nassor kanipigia simu, saa nzima. Anasema sheria yao wenyewe inaruhusu, yeye havunji kitu. Kibali cha mgeni ndicho kinacholipa askari wa wanyama. Wasasi wakiondoka pori litalimwa, na nyati hatakuwa na pa kukaa. Si uongo. Nnajua anayosema yana ukweli, ndiyo maana nimechoka.

Lakini hapa kwetu hathubutu kumgusa swala. Wala hajapata kulalamika. Anasema ni haki kukataza, wamebaki wachache. Sasa haki gani inayobadilika kwa safari ya ndege ya saa chache?

Mama anasimulia kwamba baba yetu, enzi zake Unguja, akienda kuwinda paa katika kijiji cha watu alipita kwanza kuomba ruhusa, na akirudi aliacha paja nyumba ya kwanza. Anasimulia kwa fahari. Haoni kama hadithi yake inampinga.

Alkhamisi, 8 Mei
Nimeitoa.

Nimeunganisha aya ya tatu na ya tano. Inasomeka vizuri, hakuna atakayejua. Hilo ndilo linaloniuma. Muhuri wangu unasema tafsiri ni kamili na sahihi. Nimeupiga. Nassor kanibusu kichwani. Leo leo kawapelekea wenzake.

Ijumaa, 9 Mei
Sina la kuandika.

Jumamosi, 10 Mei
Asubuhi nimepiga ile nambari iliyo chini ya barua. Nilijiambia nnahakikisha jina la bwawa. Uongo.

Akapokea Veronika mwenyewe. Nyuma yake jogoo na watu wakizungumza. Nikasema mimi ndiye mfasiri, niko Maskati. Akafurahi, akaniita dada. Kitu cha kwanza akauliza kama nimeifikia aya ya nne. Nikasema ndiyo.

"Ile tuliigombania siku nzima," akasema. "Wazee walitaka iondolewe. Walisema mtakasirika. Mimi nikasema, bora wakasirike wakiwa wameisikia."

Nikaishika barua, kidole kwenye aya ya nne.

"Asante kwa kuifikisha, dada."

Nikakata simu bila kuuliza jina la bwawa. Nimeona haya kuliko siku yoyote ninayoikumbuka.

Jumapili, 11 Mei
Nimetafsiri upya, aya zote. Nikamwambia Nassor nitaipeleka mwenyewe kwa wenzake na nitasema ile ya kwanza ilikuwa pungufu. Alipandwa na ghadhabu. "Utafungiwa ofisi kwa ajili ya swala?" Huenda. Mtu mmoja akishitaki, kibali changu cha kufasiri kimekwenda, miaka kumi na saba ya kazi. Nnaogopa. Nimeandika hapa ili nisijifanye jasiri.

Jumanne, 13 Mei
Rusayl, kwenye viwanda, ofisi ya Nassor ndani ya ghala la marumaru. Forklifti za kubebea mawe zikipita nje. Walikuwepo watatu: Nassor, Abu Majid, na Salim, kijana wa mjini mwenye simu mbili. Nassor hakunitazama.

Nikasema moja kwa moja. Tafsiri mliyopewa ina muhuri wangu na ina upungufu, kosa ni langu. Sikumtaja Nassor. Salim akauliza upungufu umetokeaje. Nikasema niliitoa aya, nilikuwa na hofu isiwachukize. Kisha nikaisoma yote kwa Kiarabu. Aya ya nne nikairudia.

Abu Majid nilimdhania mtu wa kufoka. Akauliza, "Huyu wa jela, kwa swala mmoja tu?"

Nikasema barua ndivyo inavyosema.

Salim akasema sheria ya kule ni ya watu wa kule, si sisi tulioiandika. Abu Majid akamwambia, "Aliyeuliza katuuliza sisi, hakuiuliza sheria."

Hapo Nassor akasema. Sikutegemea. "Mie ndiye niliyemwambia aitoe." Kalisema akitazama meza. Moyo ukanipasuka kwa huruma, na nilikuwa bado nimemkasirikia.

Walibishana mpaka adhuhuri. Salim kajitoa, hataki mambo ya vijiji na barua. Abu Majid kasema watakwenda msimu mmoja, si mitano. Bwawani hawatasogea, nyama yote itabaki. Wataandika jibu. Nikauliza jibu la aya ya nne liwe nini. Akasema, "Andika kwamba hatuna jibu." Nimeandika hivyo. Kiswahili chake kimetoka kizuri kuliko Kiarabu.

Kuhusu muhuri wangu hakuna aliyesema kitu. Sijui watasema baadaye.

Alkhamisi, 22 Mei
Nassor haji. Simu hapokei. Mama ananionyesha lawama kwa kunizidishia chumvi kwenye mchuzi. Hakuna aliyenishitaki. Fundi wa kiyoyozi hatimaye kaja.

Jumapili, 29 Juni
Nassor na Abu Majid wameondoka jana. Nassor kaja kumuaga mama nikiwa kazini. Kachagua saa hiyo makusudi. Nimeumia.

Bado nnajiuliza kama msasi aruhusiwe kuvuka mpaka. Siku nyengine nasema hapana, akae kwao. Siku nyengine namkumbuka askari wa wanyama anayelipwa kwa kibali kile, nasema aende. Sijafika popote. Ninalojua ni dogo: wenyeji waulizwe, na wakijibu, jibu lifike zima.

Ijumaa, 11 Julai
Nassor karudi. Kaja baada ya swala ya Ijumaa, kazidi weusi, kakonda. Kala sahani mbili za wali. Mama kafurahi, kaacha kuzungumza nami kwa kunung'unika.

Kasimulia bila kuulizwa. Siku ya kwanza Veronika aliwapeleka bwawani wakaone. Ng'ombe, ndoo, nyayo za nyati kwenye tope lile lile. Nassor kapiga nyati mmoja, kijiji kizima kikaja na visu na masufuria. Mke wa yule wa jela alikuwemo. Alipewa fungu lake kama wengine, akapokea, akamshukuru Nassor. Anasema hakujua aweke wapi macho.

Nikamuuliza kama atarudi mwakani. Akasema hajui. Hakusema kwa hasira.

Kisha akalala pale pale kwenye zulia, mkono chini ya shavu. Mama akapunguza kiyoyozi, akamfunika shuka. Nikaondoa sahani.